Nikitoka dirishani, sevu faili. Hivi hili nalo ni la kunitoa jasho siku tatu?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Ninachotaka ni kidogo mno. Niko kwenye edita, nahamia kivinjari kuangalia kitu, basi mafaili niliyoyagusa yajisevu na majaribio ya kupima programu yangu yajiendeshe. Dirisha likipoteza fokasi (yaani si lile ninaloandikia tena), endesha mistari yangu miwili ya msimbo, halafu nyamaza. Leo siku ya tatu.

Natumia Emacs. (Wale wa "hama huko" tulieni, zamu yenu inakuja.) Nikatafuta, na kila jibu likasema yale yale: tundika fanksheni yako (kipande chako cha msimbo) kwenye `focus-out-hook`, nayo itaitwa fokasi ikitoka. Mstari mmoja, nikashangilia. Kisha nikafungua maelezo yake humo humo ndani ya edita: kimestaafishwa tangu toleo la 27.1, la mwaka 2020. Kiliingia na toleo la 24.4 mwaka 2014, kikadumu miaka sita, na majibu yanayokisifia bado yamekalia nafasi ya kwanza kama mgeni asiyeaga.

Haya, mrithi wake ni nani? `after-focus-change-function`. Jina linasema "baada ya fokasi kubadilika", nawe unategemea uambiwe imebadilikaje. Thubutu! Fanksheni yako inaitwa mikono mitupu, bila hoja hata moja, yaani haikabidhiwi taarifa yoyote. Fokasi imekuja au imekwenda? Kaulize mwenyewe kwa `frame-focus-state`, fremu moja moja (fremu ni dirisha zima la Emacs, nitalirudia). Ni kama mtu akugongee mlango usiku wa manane, ufungue, akwambie "huenda kuna jambo limetokea", kisha ageuze njia. Na hiyo "huenda" sijaitia chumvi. Maelezo yenyewe yanasema fokasi *huenda* imebadilika, kwamba taarifa zinaweza kuja mara kadhaa zikipingana kabla hazijatulia, na kwamba fremu mbili zinaweza kuonekana zina fokasi kwa wakati mmoja. Yaani wanajua! Wamekaa, wakaandika vizuri kwamba kitu hiki hakiaminiki, kisha wakatuachia sisi tukisubiri kitulie.

Ndiyo maana majaribio yangu yalikuwa yanaendeshwa mara tatu kila nikibadilisha dirisha. Kusevu mara tatu si neno, mara ya pili hakuna cha kusevu. Majaribio je? Feni ya kompyuta inalia kama inataka kupaa. Dawa niliyopata ni kuweka kipima muda cha nusu sekunde: kila taarifa ikija, futa kipima muda cha zamani, anza kipya, na msimbo uendeshwe pale tu kimya kikishapatikana. Inafanya kazi. Lakini kwa nini niandike hayo mimi?

Halafu kuna hili la majina, ambalo lilinila siku nzima ya kwanza. Dunia nzima ikisema "dirisha" ina maana lile la mfumo, unaloliburuta na kulifunga. Huku kwetu hilo ni *frame*. *Window* ni kipande kimoja ndani yake, vile vipande unavyogawa ukitaka kuona mafaili mawili pamoja. Kwa hiyo mimi mshamba nikaona `window-selection-change-functions`, nikasema ewaa, ndicho hiki. Nikakitundikia kazi. Kila nikiruka kutoka kipande cha kushoto kwenda cha kulia, majaribio yanaanza. Sijatoka hata kwenye edita! Najua majina hayo ni ya kale, lakini anayeumia ni wa leo.

Msimbo niliofikia ni huu, kabla ya kipima muda:

```
(defun sevu-nikitoka ()
  (unless (seq-some #'frame-focus-state (frame-list))
    (save-some-buffers t)))
(add-function :after after-focus-change-function
              #'sevu-nikitoka)
```

Unasomeka vizuri, sivyo? Kama hakuna fremu yenye fokasi, sevu. Kwenye dirisha la kawaida ukakubali. Nikafungua Emacs ndani ya terminali, lile dirisha la kuandikia amri: kimya. Kumbe `frame-focus-state` ina majibu matatu, si mawili: `t`, `nil`, na `unknown`. Na kwenye Lisp, lugha ya msimbo huu, `nil` ni "hapana" na kila kisicho `nil` ni kweli. "Sijui" inahesabiwa kuwa "ndiyo"! Edita haijui kama niko au sipo, hivyo msimbo wangu unaamini niko daima.

Na kwa nini haijui? Kwa sababu terminali haisemi kitu mpaka iombwe. Programu inatuma `ESC[?1004h`, na tangu hapo terminali inajibu `ESC[I` ukiingia na `ESC[O` ukitoka. Emacs ilikuwa inaomba vizuri tu. Mchawi alikuwa tmux, programu ya kugawa terminali moja kuwa nyingi, aliyekaa katikati akizimeza taarifa, kwa sababu `focus-events` kwake huja imezimwa. Nikaandika `set -g focus-events on`, ikawa. Mstari mmoja, masaa manne.

NYONGEZA: Nimesoma majibu yenu.

Mliosema nihamie Vim, edita nyingine: asanteni, tukio lake la `FocusLost` jina lake linaeleweka na linakwambia ni kutoka, hilo nawapa. Lakini ile amri ya kusevu yote, `:wall`, mliyonipa inagoma kwa kosa E141 ukiwa na ukurasa mpya uliobadilishwa ambao bado hauna jina la faili, mpaka uandike `silent! wall`. Na ndani ya tmux mnasubiri mstari ule ule kama mimi. Kwa hiyo kucheka kwenu tukupunguze.

Mliosema VS Code, edita ya tatu: ni kweli, mpangilio wa `files.autoSave` ukiiweka `onWindowChange` inasevu bila maneno. Ila angalieni msichague `onFocusChange` mkidhani ni kitu kile kile. Hiyo inasevu hata ukihamia kichupo cha jirani. Na kusevu ni nusu tu ya shida yangu. Nikitaka *msimbo wangu* uendeshwe, naambiwa niandike kiendelezi kizima kinachosikiliza `onDidChangeWindowState`. Kwa mistari miwili?

Aliyeniambia "bonyeza tu vitufe vya kusevu kabla hujatoka": ndugu yangu, nimekusoma, nimepumua, nimepita.

NYONGEZA 2: Edita ilizimika ghafla usiku huu kabla haijaiambia terminali iache kuripoti fokasi. Sasa kila nikihama dirisha na kurudi, takataka za `^[[O^[[I` (zile taarifa za kutoka na kuingia) zinajichapa zenyewe kwenye mstari wa amri. Kabla hamjauliza: ndiyo, nimeandika `printf '\e[?1004l'`, ya kuiambia terminali iache. Zimeacha.