Grupu la Ukoo wa Gungu: nani anataka miaka 150?

Hamisi (Dodoma): Shikamooni wakubwa zangu. Kuna swali mwalimu katuachia darasani leo, limenikaa kichwani. Ikija dawa ya kukufikisha miaka 150 ukiwa na nguvu zako, ungekunywa?

Idi (Mwanga): 150 ya kufanya nini? Mimi hamsini inanitosha. Juzi nimepeleka mzigo Mwandiga mara tatu, hadi leo mgongo hauniachi.

Baba Mdogo Yusufu: Marahaba Hamisi. Umri ameshaupanga Mwenyezi Mungu, hakuna wa kuongeza hata siku.

Shangazi Zena (Kasulu): Sawa kaka. Lakini mwezi wa tatu ulipougua malaria dawa ya mseto uliinywa hadi kidonge cha mwisho, na mimi nikikuhesabia kwa simu.

Baba Mdogo Yusufu: Kutibiwa ni wajibu. Kutaka kukaa duniani kama mlima ni jambo jingine.

Hamisi (Dodoma): Baba mdogo, haya si mambo ya hadithi. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya panya waliopewa dawa inaitwa rapamaisini. Walianza kuwapa wakiwa na siku 600, yaani wameshazeeka, kwa binadamu ni kama mtu wa miaka sitini hivi. Umri wa juu wa majike ukapanda asilimia 14, wa madume asilimia 9. Na dawa yenyewe asili yake ni kijidudu cha kwenye udongo wa kisiwa cha Rapa Nui, kule baharini ng'ambo ya Chile. Halafu 1993 mwanasayansi mmoja, Cynthia Kenyon, na wenzake walionyesha kuwa jeni moja tu ikibadilika, mnyoo mdogo anaishi mara mbili ya umri wake wa kawaida.

Shangazi Zena (Kasulu): Rapamaisini hiyo hiyo hupewa waliopandikizwa figo, mwili usije ukaikataa figo ya mtu mwingine. Maana yake inashusha kinga. Panya wa maabara analala kwenye kizimba safi, sisi tunalala na mbu. Nawaomba asitokee mtu humu akaenda kuiulizia dukani.

Shangazi Mwajuma (Kibirizi): Mimi nauliza moja. Ikija, huku itafika lini?

Shangazi Mwajuma (Kibirizi): Nauliza kwa sababu ya kaka yetu Saidi. Dawa za kufubaza VVU, zile za mchanganyiko, wenzetu Ulaya na Marekani walianza kuzipata 1996. Huku serikali imeanza kuzigawa bure 2004. Saidi tumemzika 2001. Mimi ndiye niliyekuwa namlisha uji. Siku za mwisho nilikuwa nachovya kidole namlainisha midomo, kijiko hakiwezi tena. Na dawa ilikuwepo duniani, watu wanaimeza na chai.

Baba Mkubwa Shabani: Mungu amrehemu.

Baba Mdogo Yusufu: Amina. Pole dada. Hilo hukuwahi kulisema.

Shangazi Zena (Kasulu): Na mimi ndilo lililonipeleka uuguzi. Ila dada, leo ninao wagonjwa wanaotumia dawa hizo karibu miaka ishirini. Wanalima, wanaozesha watoto. Kuna mmoja kila akija ananiletea ndizi. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama nataka sayansi iongeze umri, mimi nimeshaiona ikiongeza. Naitaka. Nataka tu ifike mapema.

Baba Mkubwa Shabani: Ngojeni na mimi niseme, nimekaa na injini miaka 31. Meli yetu ya Liemba imejengwa Ujerumani 1913, ikaletwa vipande vipande, ikaungwa hapa hapa Kigoma, 1915 ikashushwa majini. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha, lakini mafundi walipaka kwanza mashine grisi. Waingereza wakaiibua 1924, ikarudi kazini 1927. Ilikuwa ya mvuke, baadaye ikatiwa dizeli. Fundi ukigonga bamba kwa nyundo likalia ngaa, hilo zima. Likilia bubu, kutu imekula kwa ndani, unalikata unachomelea jipya. Sijaona meli iliyouawa na miaka. Zinauawa na kutelekezwa. Mwili nao ukipata mafundi kama hao sioni kwa nini tuukatie tamaa.

Baba Mdogo Yusufu: Meli haiziki watoto wake, kaka.

Hamisi (Dodoma): Hapo baba mdogo amenigusa. Aliyeishi miaka mingi kuliko watu wote kwa kumbukumbu zilizothibitishwa ni Jeanne Calment wa Ufaransa, amefariki 1997 akiwa na miaka 122. Binti yake wa pekee alikufa 1934. Mjukuu wake wa pekee akafa 1963. Akaishi miaka mingine 34 baada ya hapo.

Idi (Mwanga): Mnaona sasa. Bora niondoke mapema watu bado wana machozi.

Rehema (kwa Bibi): Shikamooni. Nimemsomea bibi yote kuanzia juu. Amesema niandike maneno yake nisipunguze hata moja.

Rehema (kwa Bibi): "Nawasikia wanangu. Idi, hiyo hamsini unayoridhika nayo hujaifika, usiigawe. Mimi kwa umri wako nilikuwa na watoto watatu. Ujana wangu wote ulikuwa wa kubeba, mtoto mgongoni, mtungi kichwani, nikirudi shamba nina chikichi za kuchemsha na mawese ya kukamua. Kusoma nimesoma kisomo cha watu wazima, chini ya mwembe, nina mimba ya Mwajuma. Mwalimu akiandika ubaoni mimi nasinzia kwa uchovu. Sasa ndiyo nina asubuhi yangu mwenyewe. Naamka nakaa barazani, hakuna anayenidai maji ya kuoga. Mnaniuliza kama nataka zaidi. Nataka. Wala sioni haya.

Huyo mama wa Ufaransa namjua bila kumwona. Nimezika mume na watoto wawili, usiku kwangu ni mrefu. Lakini kukikucha nataka kujua Rehema kapata ngapi hesabu. Nimepanda miche kumi na miwili ya ile michikichi ya kisasa, bwana shamba ameniambia mwaka wa tatu inaanza kuzaa. Hiyo mia na hamsini ya Hamisi siwezi kuihesabu. Naomba hiyo mitatu kwanza, mingine tutazungumza."

Baba Mkubwa Shabani: Utaila chikichi yako mama, inshallah.

Idi (Mwanga): *Ujumbe huu umefutwa*

Idi (Mwanga): Nimekusikia bibi. Nisamehe.

Shangazi Zena (Kasulu): Mama, na vidonge vya presha vipo?

Rehema (kwa Bibi): Anasema vipo vingi.

Shangazi Zena (Kasulu): Vingi kivipi? Nilikuachia vya siku thelathini tarehe mbili mwezi uliopita. Leo tarehe kumi. Ilitakiwa mniambie vimeisha wiki iliyopita. Rehema mwanangu, piga picha nione.

Rehema (kwa Bibi): *Picha*

Rehema (kwa Bibi): Vimebaki kumi shangazi. Bibi anasema leo anakunywa, kesho anaacha, ili viende mbali. Anasema nyie mna watoto wa kusomesha.

Shangazi Mwajuma (Kibirizi): Mama!

Baba Mkubwa Shabani: Mimi nakaa hatua ishirini kutoka kwako mama. Kila jioni nakuuliza unaendeleaje, unaniambia salama.

Shangazi Zena (Kasulu): Mama naomba unisikilize. Kidonge hicho kinashika siku moja. Ukiruka, presha inapanda na wewe husikii lolote, hadi siku unaamka mkono hauinuki. Nimewapokea wengi wa hivyo. Rehema, mpe kimoja usiku huu, kimoja tu, asifidie vya nyuma. Kuanzia kesho kila siku baada ya chai, na wewe unaweka alama kwenye kalenda ya ukutani.

Shangazi Mwajuma (Kibirizi): Dagaa wa leo wameisha wote, hela ninayo mkononi. Natuma kwa nani?

Idi (Mwanga): Kwangu shangazi. Duka la dawa la huku bado liko wazi. Shangazi Zena niandikie jina, pikipiki naiwasha.

Shangazi Zena (Kasulu): Amlodipini miligramu 5, vidonge 60. Angalia tarehe ya kuisha muda kabla hujalipa.

Baba Mdogo Yusufu: Mwezi ujao ni zamu yangu, na unaofuata Shabani. Hamisi usichange, soma.

Rehema (kwa Bibi): Bibi anauliza Idi umekula?

Idi (Mwanga): Bado.

Rehema (kwa Bibi): Anasema ugali upo na mgebuka, amekufunikia. Usiendeshe mbio.