Mafundi baiskeli wa Mtwara, hizi spoku mnazolegeza zinatutia hasara

Wakuu, habari za jioni. Nimeandika nikiwa na hasira, mtanivumilia.

Mimi ni mchuuzi wa samaki. Nachukua mzigo Mikindani alfajiri, nauza mjini, ukibaki nausogeza Naliendele. Samaki hawasubiri fundi. Ringi ya nyuma imesukwa upya na fundi anayesifiwa mtaa mzima, na haikukaa hata wiki, spoku ikakatika, upande wa kushoto, mkabala na friwili (ile gia ya nyuma inayovutwa na mnyororo). Nikarudi. Akachomeka moja mpya, akazungusha gurudumu, akachungulia kwenye breki kama linapiga nane, basi: "Tayari kaka, lete hela." Haikupita muda ikakatika ya jirani yake.

Nikamuuliza, mbona hizi nyingine nikizishika zinacheza kama kamba ya kuanikia nguo? Jibu lake: "Ringi ya mzigo haikazwi sana kaka. Ukikaza, spoku zinakatika. Inatakiwa inepe kidogo." Nikaenda kwa wa Magomeni, wimbo ni huo huo! Nani aliwafundisha haya?

Ni kinyume kabisa. Spoku ni waya mwembamba, haiwezi kuubeba mzigo kwa kuusukuma juu, ingepinda. Inafanya kazi kwa kuvuta. Ukiweka mzigo kwenye keria, zile spoku za chini zinazoelekea ardhini zinapungukiwa mvuto. Zikiwa zimekazwa ipasavyo, bado zinabaki zimevutika. Zikiwa legelege, zikifika chini zinakufa kabisa, zikipanda zinavutwa tena. Gurudumu la inchi 28 linazunguka kama mara 450 kwa kilomita moja. Sasa piga hesabu Mikindani mpaka mjini shingo ya spoku inachezeshwa mara ngapi. Chuma kinachoka. Msioamini, okoteni spoku iliyokatika muitazame: imekatikia shingoni, pale inapojikunja kuingia kwenye habu (kitovu cha gurudumu), mara chache sana katikati.

Na kwa nini kushoto? Kwa sababu friwili inakula nafasi upande wa kulia. Ili ringi ikae katikati, spoku za kulia zinasimama wima zaidi na lazima zivutwe zaidi kuliko za kushoto. Fundi akiacha kulia pawe pa kawaida tu, kushoto panabaki hakuna kitu. Hata nipeli, zile nati ndogo zinazoshika spoku kwenye ringi, zinajifungua zenyewe njiani.

Kunyooka kwa ringi si kipimo. Ringi inaweza kunyooka vizuri huku spoku moja imekaza mno na mwenzake imelala. Gonga kwa kucha usikilize. Za upande mmoja zinatakiwa zilie karibu sawa, na ujue sauti ikishuka kidogo tu, ikawa nzito, mvuto umeshuka sana, kwa sababu mvuto unakwenda kwa mraba wa kasi ya mtetemo wa sauti hiyo. Hapo hakihitajiki kifaa chochote, ni masikio. Mnayo.

Sisemi mkaze mpaka mwisho. Wapo pia wa kundi hilo, nimeona ringi ya alumini imepasuka nyufa kuzunguka matundu ya nipeli. Watengenezaji wengi wa ringi hizo wanaweka kikomo kati ya kilo 100 na 130 kwa spoku. Asiye na kipimo ashike spoku mbili mbili zilizo sambamba azibane kwa nguvu kiganjani, azunguke gurudumu zima. Ringi ikiyumba ghafla kulia na kushoto, umepitiliza, rudisha nusu mzunguko kila nipeli kisha nyoosha upya. Isipoyumba, huko kubana kumezikalisha shingo vizuri kwenye habu. Fundi wangu hajawahi kubana hata moja.

Halafu kuna chumvi ya bahari yetu hii. Nipeli inashika kutu, fundi anazungusha spana, kumbe spoku yenyewe ndiyo inajipinda kama skrubu, yeye anahesabu amekaza. Tone la oili kwenye nyuzi za spoku, pale nipeli inapojifunga, wakati wa kusuka, basi. Tone moja jamani!

Anayemjua fundi Mtwara, hata Lindi mjini nitapanda basi, anayesuka kwa kusikiliza spoku, anifuate inboksi. Nabadilisha za nyuma zote, hela ipo. Anayekuja kuniambia ninunue bodaboda apite tu, uzi haumhusu.