Wenye Toyota Mark II GX110 na ndugu zake: tupeane uzoefu, zinawatoa kiasi gani?

Wakuu, habari za leo. Naomba tukusanye hapa uzoefu wa hizi Mark II za mwisho, zilizotoka 2000 hadi 2004 kabla ya Mark X kushika nafasi. Kuagiza Japani leo haina maana, ushuru wa uchakavu unakumaliza. Zinazozunguka ni zilezile za mkononi, namba B na C, zimeshapita kwa watu wanne watano. Bei inashawishi, milioni 5 mpaka 8 unaondoka nayo. Kinachouma kinakuja baadaye.

Naanza na yangu: GX110, injini 1G-FE, lita mbili, pistoni sita. Injini sina neno nayo. Iliyonila ni miguu ya mbele. Kila tuta inagonga "kwa kwa", na kwenye lami ikifika 90 stelingi inavuta kushoto. Fundi akapiga jeki, akashika tairi juu na chini, akalitikisa, likacheza kama jino bovu. Boljointi za chini zote mbili kwisha, bushi za amu zimepasuka. Spea 280,000, ufundi 60,000, alaimenti 30,000. Boljointi mpya za bei chee haziwezi barabara zetu za mitaani, bora used ya Japani iliyokazana, hata kama muuzaji wa Kariakoo anakubania bei.

Karibuni.

*Mdau wa Mbeya:*
Yangu ilichemkia mlima Kitonga. Napanda nyuma ya lori, AC inawaka, mara mshale umepanda wote. Nikapaki pembeni, nikasubiri ipoe ndipo niongeze maji. Kumbe hedi, kichwa cha injini, ilishapinda. Rejeta 190,000, kusaga hedi 80,000, seti ya gasketi 150,000, ufundi 200,000, weka na oili na kulanti, laki saba na ushee. Chanzo chake? Feni haikuwa inashika.

*Fundi, Ilala:*
Mkuu wa Mbeya, hilo la feni ndilo linaua 1G nyingi. Bloku ni chuma, hedi ni alminiamu, tena ndefu ya silinda sita kwa mstari. Ikipata joto kali inapinda kirahisi kuliko ya silinda nne. Feni yake haina mota, inashikwa na mtungi wenye mafuta mazito ndani. Kuipima ni bure: injini ikiwa ya moto, izime, izungushe feni kwa mkono. Ikikaza, mzima. Ikijizungukia yenyewe kama ya mezani, mtungi umekwisha.

Jambo lingine, anayekwambia "toa themostati gari ipoe" mkimbie. Injini inabaki ya baridi, kompyuta inaongeza mafuta, halafu mnakuja kulalamika kwamba GX inakunywa.

Na mkanda wa taimingi ni kilomita 100,000. Kwenye 1G hii ya VVT-i ukikatika, valvu zinakutana na pistoni. Dashibodi za mkononi zimerudishwa nyuma sana, kwa hiyo ukinunua, badilisha tu, usiulize umebadilishwa lini.

*Mdau wa Dodoma:*
Mimi ni gia boksi. Aliyekuwa nayo alijaziwa mafuta ya gia ambayo siyo yake. Ikaanza kuchelewa kuingia D asubuhi, unaweka gia, unasubiri, halafu inaruka "puu". Nikamwaga, nikaweka sahihi, ikatulia kidogo kisha ikarudi palepale. Used nimepata kwa 650,000, kufunga 120,000.

*Mdau wa Tabata:*
Mimi niliuza, nikachukua IST. Nalala usingizi.

*Mleta mada:*
Mkuu wa Tabata, hatujauliza IST 😂

*Mdau wa Mombasa:*
Huku kwetu pia ziko, ingawa zinapungua. Yangu ilikuwa inamisi, yaani silinda moja haichomi, taa ya injini inawaka. Makanika wa kwanza akataka ninunue koili zote sita. Wa pili akachomeka mashine akasoma kodi ya hitilafu, P0304, yaani silinda ya nne, akahamisha koili ya silinda ya nne akaiweka ya pili, ya pili akaileta ya nne. Akafuta, akawasha tena: P0302, hitilafu imehamia ya pili. Basi koili moja ndiyo mbovu. Shilingi 3,500 zetu za Kenya, nikaenda zangu. Ila mashimo ya plagi yalikuwa na oili, gasketi ya kava ya juu ilishakauka. Usipoibadilisha hiyo, koili mpya nayo itakufa.

*Mdau wa Mwanza:*
Wenzenu wa JZX110 yenye D4, ile injini inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, tunawaonea wivu. Pampu ya presha ya juu ikichoka, gari inazima kwenye foleni, na petroli inaweza kuvujia kwenye oili. Chomoa dipstiki uinuse: oili imepanda juu ya alama na inanuka petroli, ujue ndiyo hiyo. Used nilipata laki nne na nusu, garantii yake "jaribu tu mkuu". Anayetaka kununua, afungue boneti kwanza aone kama kava imeandikwa D-4.

*Mdau wa Morogoro:*
Fundi, yangu GX inatoa moshi wa bluu asubuhi tu, dakika moja umeisha. Gereji wanasema nifanye ovahoo, injini ifunguliwe yote, milioni na laki mbili.

*Fundi, Ilala:*
Ngoja kwanza. Ukiwa njiani ukikanyaga mafuta kwa nguvu, moshi unatoka?

*Mdau wa Morogoro:*
Hapana, nimemwambia jamaa anifuate nyuma, hakuna kitu.

*Fundi, Ilala:*
Chomoa plagi zote sita, zipange kwa mpangilio, nitumie picha.

*Mdau wa Morogoro:*
Hizo hapo. Ya pili na ya tano zina oili, nyingine kavu.

*Fundi, Ilala:*
Nguvu haijapungua, moshi wa kuwashia tu, hizo ni sili za valvu, zimekakamaa kwa uzee. Ringi zingekuwa zimekufa ungetoa moshi hata ukiwa njiani. Wapime kompresheni ili uwe na uhakika. Namba zikilingana, sili zinabadilishwa bila kushusha injini. Andaa kama laki mbili na nusu na ufundi ndani yake, ovahoo waachie wao.