Tupeane uzoefu: ulitambuaje kwamba unashawishiwa kwa ujanja na si kwa hoja?

Mtakahoja: Ndugu zangu, jana niliwasikiliza wafanyakazi wenzangu wawili wakibishana kuhusu ratiba mpya ya zamu, na haukupita muda ratiba yenyewe ikawa imesahauliwa kabisa: mmoja alieleza jinsi mwenzake anavyochelewa kazini, mwenzake akajibu kwamba hata mkuu wa idara huchelewa. Aristotle aliorodhesha aina 13 za hoja zenye kasoro zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, sita zikitokana na matumizi ya lugha na saba zikitokana na mambo mengine, na sisi bado tunanaswa na zilezile. Naomba kila mmoja asimulie ni wapi alishuhudia hoja ya namna hiyo ikifanya kazi, na alichukua hatua gani baada ya kuitambua.

Zamu ya Usiku: Kwetu mabishano yote huishia kwenye "nyani haoni kundule". Methali hiyo ikishatamkwa, kosa lililokuwa likijadiliwa halijadiliwi tena.

Mwana wa Pili: Umenigusa pale uliposema kwamba ratiba ilisahauliwa. Baba yetu alipougua mgongo, daktari alitueleza njia tatu: upasuaji wa mapema, dawa pamoja na mazoezi kwa wiki sita kisha apimwe upya, au kutafuta maoni ya daktari mwingine. Tulikutana watoto wote ili tuamue tumshauri nini. Kaka yetu mkubwa alisimama, akasubiri mpaka chumba kikatulia, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Ama mzee apasuliwe wiki hii, ama mseme waziwazi kwamba mmemchoka." Njia tatu zikawa mbili kwa sentensi moja, na ile ya pili haikuwa ya matibabu tena, bali ya aibu. Nilipokumbusha kuhusu zile wiki sita, alinigeukia akauliza, "Kwa hiyo wewe unataka mzee aendelee kuumia?", jambo ambalo sikuwa nimelisema wala kulifikiria. Dada yetu akaanza kulia, na tangu hapo kila aliyeuliza swali alionekana hana huruma. Shangazi akasema ngoja ngoja huumiza matumbo, mimi nikamjibu kwamba haraka haraka haina baraka, na watu wazima tukaendelea kurushiana methali kana kwamba mojawapo ilikuwa imeziona picha za eksirei. Mwishowe mdogo wetu akatamka "wengi wape", mikono ikanyoshwa, upasuaji ukapita. Hadi leo sina ugomvi na uamuzi ule. Linaloniuma ni kwamba hakuna aliyeuliza uwezekano wa kupona kwa kila njia ulikuwa upi, wala hakuna aliyemuuliza baba mwenyewe, ambaye alikuwa chumba cha pili, na akili zake timamu.

Zamu ya Usiku: Pole sana. Mzee anaendeleaje?

Mtunza Daftari: Nami nilitaka kuuliza hilohilo kabla ya mengine yote.

Mwana wa Pili: Anaendelea vizuri, namshukuru Mungu. Anatembea bila fimbo.

Jicho Kavu: Basi kaka yako alikuwa sahihi, na lawama zote hizo hazina msingi.

Mwalimu Mstaafu: Hapana, ndugu Jicho Kavu. Mtu akivuka barabara kuu akiwa amefumba macho na akafika salama, hatusemi kwamba alivuka vizuri. Kupona kwa mzee kunatuambia kwamba upasuaji ulifaulu. Hakutuambii kwamba dawa na mazoezi yangeshindwa, wala hakuifanyi kauli ya "mmemchoka" kuwa hoja.

Jicho Kavu: Nawe usivuke mpaka, Mwalimu. Hoja mbovu haithibitishi kwamba uamuzi ulikuwa mbovu. Kaka anaweza kuwa alisema ovyo na bado akawa amechagua vyema.

Mwalimu Mstaafu: Hilo nalikubali bila masharti, ingawa silo ulilolisema mwanzoni. Niongeze jambo kuhusu kutegemea majina makubwa. Jirani yangu alinihakikishia kwamba vitamini C kwa wingi huzuia mafua, na ushahidi wake ulikuwa Linus Pauling, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Kemia ya 1954 na ile ya Amani ya 1962. Tuzo ni za kweli, na Pauling alilitetea jambo hilo kwa nguvu, lakini majaribio mengi yaliyofuata hayakuonyesha kwamba watu wa kawaida wanaomeza vitamini hiyo kila siku huugua mafua mara chache zaidi. Huwa nauliza maswali mawili tu: je, huyu anazungumzia fani yake, na je, wenzake katika fani hiyo wanakubaliana naye?

Mtunza Daftari: Naomba msaada kuhusu hili. Mweka hazina wa kikundi chetu alisema fedha zote zipo, bila kuonyesha hata risiti moja. Nilipotaja kwamba kikundi chake cha awali kilimwondoa kwa sababu hiyohiyo, alilalamika kwamba namshambulia yeye badala ya kujibu hoja, na wajumbe wakamwonea huruma.

Zamu ya Usiku: Alikuwa na haki. Ulimshambulia.

Mwalimu Mstaafu: Mimi naona kinyume. Ushahidi pekee uliokuwepo ni neno lake, kwa hiyo uaminifu wake ndiyo hoja yenyewe. Kama angeleta taarifa ya benki, tabia yake ya zamani isingehusika.

Jicho Kavu: Kwa nini basi hakuomba taarifa ya benki tangu mwanzo, akaacha historia ya mtu ipumzike? Watu huchagua njia yenye makelele.

Mtakahoja: Turudi kwenye swali: mkishaitambua hila, mnafanya nini?

Zamu ya Usiku: Mimi hunyamaza.

Mwana wa Pili: Kunyamaza ndiko kulikotuponza. Siku hizi naliandika swali kwenye karatasi kabla ya kikao kuanza na kuiweka mezani mbele ya wote, na mtu akitoka nje ya mada nainyooshea kidole tu.

Mwalimu Mstaafu: Rudia hoja ya mwenzako mpaka akiri kwamba umemwelewa, ndipo umjibu. Kamwe usimtajie jina la kosa lake la kimantiki, maana hapo utakuwa umeanzisha ugomvi wa pili.

Mtunza Daftari: Mimi nasema litaje, tena kwa sauti, ili wasikilizaji wengine wajifunze.

Shemeji Mtu: Nimemsomea mama mkwe wangu mada hii yote. Amejibu kwamba watu wanaoandika mambo haya, ukiwachunguza vizuri, wengi wao hawajaoa.