Mama yangu na kijana wangu wamebadilika kwa pamoja, nianze na nani?

Mama_Umoja: Hamjambo wapendwa. Naishi mtaa wa Umoja, Nairobi, na mwanangu wa miaka 16, na mama mzazi wa miaka 71 niliyemleta mjini baada ya baba kufariki mwaka jana. Kijana alikuwa mchangamfu. Siku hizi hujifungia chumbani, hulala saa nane usiku, na ukimsemesha anawaka. Mama naye, juzi nilimkuta ameshika kibiriti, sufuria tupu inaungua kwenye gesi. Akaniuliza, "Nilikuwa napika nini vile?" Nilizima jiko, nikamketisha, nikaenda kulia bafuni. Jirani anasema ni damu ya ukoo. Ni kweli?

Nesi_Eastlands: Pole sana dada. Wawili hao usiwaweke fungu moja. Ubongo wa kijana bado unajengwa: sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, inayomsaidia mtu kujizuia, hukomaa akishapita miaka 20. Sehemu za hisia hutangulia, ndiyo maana hasira zinamshinda. Hata usingizi huchelewa wakati wa balehe. Lakini magonjwa mengi ya akili pia huanza kabla ya miaka 25, kwa hivyo kama ameacha alivyovipenda kwa wiki mbili au zaidi, usingoje. Muulize waziwazi kama anawaza kujiua. Kumuuliza hakumwingizii wazo hilo kichwani.

Na mama yako, kusahau huku kulimjia ghafla au polepole?

Mama_Umoja: Polepole, tangu tumzike mzee.

Nesi_Eastlands: Basi tusiseme ni uzee kabla ya kumpima. Huzuni nzito humsahaulisha mzee mpaka watu wadhani ubongo umechakaa. Tezi ya shingo ikipunguza kazi yake, au vitamini B12 ikipungua, huleta yayo hayo, na hayo yanatibika. Angekuwa amevurugika kwa siku moja mbili ningekwambia umkimbize leo, maana hata maambukizi ya mkojo huwafanya wazee hivyo. Aende hospitali na dawa zake zote mfukoni.

Kijana_wa_Kariobangi: Shangazi, kwetu tulisema baba amezeeka tu. Kliniki moja ikampa dawa za usingizi bila kumpima hata damu. Miaka miwili ikapotea, na bado inaniuma. Hospitali ya akili ya Mathari usiiogope, kuna kliniki ya watu wanaotibiwa na kurudi nyumbani siku hiyohiyo. Na hiyo ya damu ya ukoo: mtu anaweza kurithi wepesi wa kuugua, lakini wengi wenye wepesi huo hawaugui kamwe.

Mama_Umoja: Nimemuuliza kijana usiku huu tukichambua sukuma wiki. Amesema hawazi kujiua. Kisha akanyamaza, akaniambia babu alikuwa akimpigia simu kila Jumapili, na tangu azikwe hakuna aliyewahi kumuuliza anaendeleaje. Hata mimi. Nimeomba ruhusa kazini, Jumatatu tunaenda wote watatu.