Mjadala: Aliyepandikizwa figo, chanjo yamfaa nini?

Wa Langoni:
Barazani kwetu hapa Lamu kuna hoja haijesha. Jamaa mwenye figo ya kupandikizwa alichanjwa korona dozi mbili, akaugua vilevile hadi akatiliwa oksijeni. Watu wakahukumu: kwake chanjo ni kazi bure. Sikubali, lakini wana lao la kusema. Dawa anazomeza kila siku mwili usiikatae figo, kama vile takrolimasi na maikofenoleti, ndizo zinazoufanya mwili uzembee chanjo ikiingia. Maikofenoleti ndiyo mbaya zaidi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, wa 2021 uliwapima watu 658 waliopandikizwa viungo, waliodungwa Pfizer au Moderna. Dozi ya kwanza, 15% tu walikuwa na kingamwili, zile chembe za damu zinazopigana na virusi. Ya pili, 54%. Ila mbona tuishie kwenye ya pili? Mwaka huohuo, Toulouse kule Ufaransa, kwa kundi jingine la waliopandikizwa, dozi ya tatu iliwatoa wenye kingamwili kwenye 40% ikawafikisha 68%.

Wa Mkomani:
Na hao waliobaki bila kingamwili tuwaambieje, wadungwe mpaka lini? Heri daktari apunguze hizo dawa, chanjo ishike.

Wa Shela:
Wa Mkomani, taratibu! Dawa zikipunguzwa ovyo figo hukataliwa, na mtu akarudi kwenye mashine ya kusafisha damu. Hilo ni la daktari wake peke yake, si la baraza. Tena kingamwili si kinga yote; aliyepimwa akakutwa hana, haina maana hana ulinzi wowote.
Mimi naona mnachelewa. Homa ya ini B achanjwe mapema, figo zikianza kushindwa. Surua kabla ya upasuaji, maana chanjo za virusi hai, pamoja na ya homa ya manjano, akishapandikizwa kwa kawaida hapewi. Ya mafua haina shida, ile ya sindano, kila mwaka.
Halafu nyinyi wenyewe. Mgonjwa akirudi kutoka bara, mtaa mzima wamiminika, huyu ampa mkono, yule akohoa pembeni ya kitanda, na hakuna aliyechanjwa. Wa Langoni, nduguze jamaa yako wamechanjwa wangapi?

Wa Langoni:
Mmoja, yule wa Mombasa. Wengine wasema afya yao ni nzima, hawaoni sababu. Kuwasihi nitawasihi. Lakini kumlazimisha mtu mzima adungwe kwa ajili ya figo ya nduguye, hapo sikufuati.

Wa Shela:
Sijasema alazimishwe. Nimesema asiyechanjwa, tena anakohoa, asiingie chumbani.

Wa Mkomani:
Hata mamake?