Tupeane uzoefu: kufanya kazi na kampuni za tafsiri na ujanibishaji ukiwa Mtwara au Lindi

Mleta mada, Mtwara Mikindani

Assalamu alaikum, na habari za kazi ndugu zangu wa Kusini. Nimefundisha lugha sekondari kwa miaka mingi, na tangu niache kufundisha nimekuwa nikifasiri kwa mkataba kwa kampuni za tafsiri na ujanibishaji, yaani kurekebisha maandiko na programu ziendane na lugha na mazingira ya wenyeji, za Dar es Salaam, Nairobi na Ulaya. Vijana wanaomaliza masomo pale STEMMUCO, chuo kikuu kishiriki cha Stella Maris hapa Mtwara, hunijia kuuliza kama kazi hii inalipa, na karibu wote huanza na bei ya neno moja. Naona swali hilo linakuja mapema mno. Kinachoamua kama utakula ni namna maneno yanavyohesabiwa, siku ambayo fedha inatoka, na nani anabeba hasara kazi ikichelewa au ikikataliwa. Naomba wenye uzoefu tuyaweke hayo wazi, bila kutaja jina la kampuni yoyote.

Naanza na hesabu ya maneno. Kampuni nyingi hutumia programu zenye kumbukumbu ya tafsiri, yaani hazina ya sentensi zote zilizokwisha kufasiriwa kwa ajili ya mteja fulani. Faili jipya likiingia, programu hulilinganisha na hazina hiyo na kugawa maneno katika mafungu: sentensi mpya, sentensi zinazofanana kwa sehemu na za zamani, na zile zilizomo tayari kama zilivyo. Sentensi mpya hulipwa bei kamili, zinazofanana hulipwa sehemu ya bei, na zilizomo tayari hulipwa kidogo sana au hazilipwi kabisa, ndiyo maana kazi iliyotangazwa kuwa ya maneno 5,000 inaweza kulipwa kama ya maneno 3,000. Utaratibu huo peke yake si dhuluma, kwa kuwa mfasiri huokoa muda kweli. Dhuluma huanza pale hazina yenyewe inapokuwa mbovu. Niliwahi kuletewa mwongozo wa mashine ya kupulizia salfa kwenye mikorosho, ambamo sentensi zilizohesabiwa kuwa zimekamilika zilikuwa zimefanywa na watu tofauti, kila mmoja na istilahi zake, kiasi kwamba mkulima angedhani kifaa kimoja ni vifaa vitatu. Kampuni ilinitaka nizioanishe zote bila malipo. Nilikataa kwa maandishi, nikaambatanisha kurasa zenyewe, na baada ya majibizano wakakubali kunilipa kwa saa. Tangu hapo siipokei kazi kabla sijaona jedwali la mafungu pamoja na hazina yenyewe.

Mchangiaji, Lindi Mjini

Shikamoo mwalimu, na ahsante kwa kuanzisha jambo hili. Mimi niliajiriwa kwa mshahara, nikiwa mhakiki, katika kampuni iliyokuwa ikipokea kazi za washauri wa mazingira, hasa muhtasari wa ripoti za athari za miradi kwa mazingira na jamii. Hapa kwetu kazi za aina hiyo zipo, maana tangu ulipoanza kuzungumzwa mradi wa kusindika gesi asilia unaopangwa Likong'o, watu wamezoea kusomewa maandiko mazito kwenye mikutano ya vijiji.

Ninachokishukuru ni kwamba tulikuwa na utaratibu: mmoja anafasiri, mwingine anahakiki, kisha andiko linasomwa kwa sauti mbele ya mtu asiye mtaalamu kabla halijatoka. Siku moja tulimsomea mama lishe jirani wa ofisi ukurasa wa fidia wa mradi mmoja wa barabara. Akatusimamisha kwenye aya ya mazao, akauliza kama mkorosho mchanga ambao haujaanza kuzaa unahesabiwa au hauhesabiwi. Andiko la asili halikusema lolote juu ya hilo. Tulirudisha swali kwa mteja, likajibiwa kwa maandishi, na jibu likaingizwa. Sioni ni kwa njia gani nyingine swali lile lingeulizwa kabla ya watu kutia saini.

Kilichoniondoa ni mambo ya Mei 2024. Kimbunga Hidaya kilikuwa kimepita mwanzoni mwa mwezi na barabara ya Dar es Salaam imekatika, kisha tarehe 12 nyaya za EASSy na Seacom zilizo chini ya bahari zikaharibika, intaneti ikazorota nchi nzima. Kampuni ilitukata mishahara kwa kuchelewesha kazi, ilhali kwa wateja ilijitetea kwa sababu hiyohiyo tuliyokuwa tukiieleza sisi. Baadhi yetu tulirudishiwa baada ya kulalamika, wengine hadi leo bado.

Mleta mada

Marahaba, ndugu yangu, na pole sana. Hao ambao hawajarudishiwa wafahamu kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu mwajiri kukata mshahara apendavyo, na kwamba Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndiyo mahali pa kupeleka lalamiko la namna hiyo.

Mchangiaji, Masasi

Mimi nasemea siku ya malipo. Mkataba wangu ulisema siku 60, na anayeusoma haraka hudhani zinahesabiwa tangu siku aliyowasilisha kazi. Zilikuwa zinahesabiwa kuanzia mwisho wa mwezi wa ankara, kwa hiyo kazi niliyoikabidhi mwanzoni mwa Oktoba ililipwa mwishoni mwa Desemba. Kwa bahati wakati huo fedha ya korosho ilikuwa imeingia nyumbani, lakini kijana asiye na shamba angeishije? Pia ulizeni njia ya malipo mapema, kwa sababu akaunti ya PayPal ya Tanzania hutuma fedha lakini haipokei, na benki zinazosimama katikati hukata ada zao. Kwa kampuni za hapa nchini, wakikukata asilimia 5 ya kodi ya zuio, dai cheti chake, maana bila hicho utashindwa kuwaonyesha TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, kwamba kodi hiyo ilikwisha kulipwa.

Mchangiaji, Nachingwea

Kwangu kazi imebadilika jina na bei. Zamani nilipewa andiko la kufasiri. Sasa napewa tafsiri iliyofanywa na mashine niirekebishe, kwa chini ya nusu ya bei ya awali. Maandiko mepesi yanakwenda haraka, sikatai. Ila maelezo ya dawa za hospitali nayasoma neno kwa neno kama zamani, kwa sababu mashine huandika kosa kwa ufasaha uleule inaotumia kuandika lililo sahihi, na jicho lililochoka halilioni. Kazi za afya sasa nazipokea kwa malipo ya saa tu, na wateja wawili wamekubali.

Mchangiaji, mwanafunzi, Mtwara

Shikamooni wote. Je, asiye na shahada ya tafsiri anaweza kupokelewa na kampuni kubwa?

Mleta mada

Marahaba, mwanangu. Anaweza. Kampuni zinazofuata ISO 17100 ya mwaka 2015, kiwango cha kimataifa cha huduma za tafsiri, hukubali moja kati ya mambo matatu: shahada ya tafsiri, shahada ya fani nyingine pamoja na uzoefu wa miaka 2 ya kazi kamili ya kufasiri, au uzoefu wa miaka 5 bila shahada. Uzoefu huo lazima uthibitishwe, kwa hiyo anza sasa kutunza kila ankara, kila oda ya kazi na kila barua ya mteja. Kiwango hichohicho kinataka tafsiri ihakikiwe na mtu wa pili. Kampuni ikikwambia kwamba wewe peke yako ndiye mfasiri na mhakiki, iulize kwa maandishi kosa likipatikana nani atawajibika. Ukitaka kujenga jina hapa nchini, wasiliana na Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA), ambao huthibitisha tafsiri, wakueleze masharti yao. Na mkataba wa kwanza utakaoletewa, usiutie saini siku hiyohiyo. Njoo nao nyumbani tuusome pamoja.